Ubao wa Kumi na Saba

Mimi nilitaka saa ya mkononi.
Miaka ishirini na sita nimeendesha basi la jiji hapa Turku,
nikajua kila kituo kwa mkunjo wa goti langu la kulia,
na siku ya kuniaga, Raimo wa karakana akaniletea boksi:
merikebu ya milingoti miwili, vipande mia nne na kumi na viwili,
na kijitabu kilichotafsiriwa na mtu asiyetupenda.
"Pindisha ubao kwa upole mpaka ukubali."
Ukubali nini, hakisemi.

Na bahari yenyewe roho hunichafuka.
Feri ya Stockholm niliipanda mara moja, nikarudi kwa ndege.
Boksi likakaa juu ya kabati tangu Mei
mpaka giza la Novemba, giza la saa tisa alasiri,
liliponikuta sina zamu, sina abiria,
sina hata wa kumwambia asogee nyuma.
Nikalishusha.

Mkuku kwanza. Halafu mataruma, kumi na moja,
yamesimama mezani kama miiba ya samaki
aliyeliwa na mtu mwenye adabu.
Mbao nikaziloweka kwenye bafu.
Wiki tatu nimeoga Alhamisi tu, kwenye sauna ya jengo,
na vibanio vyote vya nguo vimeuma ubavu wa merikebu
hata Bi. Ahlqvist wa ghorofa ya pili akauliza
mbona siku hizi sianiki.

Ubao wa kwanza ulikataa. Wa pili ulikataa.
Wa tano nikajifunza kuushika juu ya mvuke wa birika
kama unavyomshika mtoto mwenye homa,
bila kumwambia kwamba unaogopa.
Wa kumi na saba ukalia: kak.

Akiba hakuna. Nikapekua droo ya jikoni,
betri zilizokufa, uzi, risiti, kisha rula ya Jouni,
ya mbao, ya darasa la tatu,
jina lake limekwaruzwa kwa ncha ya bikari.
Jouni yuko Oulu. Huongea nami Krismasi, huongea hali ya hewa.
Siku aliyohama alisimama pale mlangoni na begi lake:
"Vituo vyote unavijua majina, mama.
Mwalimu wangu hata mmoja humjui."
Nilitafuta jina moja la kumjibu.
Bado natafuta.

Nikaipasua rula kwa kisu, nikaichemsha.
Ilipinda upesi kuliko mwenyewe.
Kwa nje nimeipiga msasa, nimeipaka rangi, huitambui.
Kwa ndani, chini ya sitaha niliyokwisha kuifunga,
kuna sentimita kumi na moja hadi kumi na tisa,
kuna J, kuna O, na nusu ya U.

Kisha kamba, Mungu wangu, kamba.
Kapi ndogo kama punje za dengu,
nazishika kwa kibano cha nyusi na pumzi nimeibana.
Moja ilianguka. Nilitambaa zuliani nusu ya Jumapili
nikaikuta imeninata kiwikoni.

Februari simu ililia, na haikuwa sikukuu ya mtu.
Raimo ana mdomo.
"Eti unaunda meli," Jouni akasema.
"Naunda."
"Inaelea?"
Nikaitazama pale dirishani, nyuma yake mto Aura umeganda,
watu wanavuka juu yake na mbwa wao.
"Haikuundwa ielee. Ni ya kutazamwa."
Akanyamaza. Nikasikia jokofu lake likinguruma, huko Oulu.
"Nitakuja Pasaka," akasema. "Tuijaribu."
Habari ya rula sikumwambia.

Ndani ya boksi kuna jina la kubandika,
herufi za dhahabu, mtakatifu fulani wa kusini.
Nimeliacha humo humo.
Kwa brashi ya nywele tatu nimeandika tezini: 18,
basi langu, kwenda na kurudi.

Pasaka bado wiki saba.
Bafu nimeshaliosha.